Baki

Mji wetu uligawanywa kabla sijazaliwa:
Valga huku, Valka kule,
na kijito katikati, chembamba kama mstari wa penseli
wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Bi Endla Kurvits wa mlango wa kwanza
alipima mabehewa ya mbao stesheni miaka thelathini,
hadi mizani yenyewe ikauzwa chuma chakavu.
Alipostaafu akanunua kompyuta mbili kuukuu,
akaziweka stoo ya chini, kando ya viazi,
akaziacha zifanye hesabu usiku na mchana.
Majirani walipogundua kuwa joto ni la bure
wakaleta kamba, wakaanika soksi.

Nilikuwa na miaka tisa. Glavu zangu hazikukauka kwetu.
Alinimwagia vifungo mezani: "Vipange safu zilizo sawa."
Kumi na viwili vikatii, vitatu kwa vinne, viwili kwa sita.
Kumi na vitatu vikagoma.
Kwa viwili, kwa vitatu, kwa vinne, kila mara kimoja
kilinibaki kiganjani, mgeni asiye na kiti.
"Namba hiyo," akasema, "ni tasa."

Nililijua neno. Mama alilitumia jikoni
akimsema yeye, sauti ameishusha.

"Tasa," akarudia, na hakushusha chochote.
"Haya, niletee namba isiyotokana nazo.
Sitini? Mbili, mbili, tatu, tano.
Chimba ukoo wowote, utawakuta matasa chini."

Ile yake iliyokuwa ikichemka stoo
ilikuwa mbili, ikazidishwa kwa mbili, na mbili tena,
mara milioni sabini na ushei,
kisha ikatolewa moja. Moja tu!
Ichape: kurasa elfu saba, tarakimu zimebanana.
Iandike kwa lugha ya mashine: moja, moja, moja, moja,
nguzo za simu ndani ya theluji,
zinapita Riga, zinaendelea, hakuna hata moja iliyolala.

Ni tasa au si tasa?
Kuigawa kwa kila kitu, alisema, jua litazimika kwanza.
Lakini kuna njia ya mzunguko.
Shika nne. Izidishe kwa nafsi yake. Toa mbili.
Gawa kwa ile kubwa, jibu litupe, baki lihifadhi.
Rudi mwanzo na hilo baki.
Tuliijaribu kwa mia moja ishirini na saba, nyuma ya bahasha ya bili ya maji:
nne, kumi na nne, sitini na saba,
arobaini na mbili, mia na kumi na moja,
sufuri.
Nikaruka nikagonga kichwa kwenye bomba.
Sijawahi tena kushangilia kitu kisichokuwapo.

(Elfu mbili na arobaini na saba ilituumbua.
Ishirini na tatu mara themanini na tisa.
Uso ule wa utasa, kumbe!)

Mashine zilivuma Oktoba hadi Aprili.
Jumanne moja nilishuka kuchukua glavu
nikamkuta ameketi juu ya gunia la viazi, miwani mkononi.
Kwenye skrini, baki la mwisho:
herufi na tarakimu kumi na sita zilizochanganyika,
si sufuri, wala si jamaa wa sufuri.

"Inagawanyika," akasema.
"Kwa nini?"
"Jaribio haliambii. Linajua kwamba, halijui kwa nini."

Akatazama kidirisha cha juu, upande wa kijito,
kule Heino wake alikohamia na begi moja
mwaka ule ule niliozaliwa mimi.
Kisha akavaa miwani,
akachapa kipeo kingine, akabonyeza.
Feni zikaanza upya.
"Acha glavu," akaniambia. "Bado mbichi."